Zamu ya Kasereka

Kwenye kilio cha Mzee Kambale tulikuwa pale wote tuliopaswa kuwa: Mama Masika, mke wake, Katungu, mke wa mdogo wake, Muhindo, shofere aliyebeba habari za ndugu hao wawili miaka ya vita, Pasta Kakule, ambaye mama yake na mama wa marehemu walizaliwa kilima kimoja kule Lubero, na mimi jirani, ju ukuta wa atelie yake ya useremala ndio ukuta wa jikoni yangu tangu mume wangu akiwa bado nyumbani. Mzee Kambale, seremala, amekufa hapa Butembo, kifua kimemmaliza. Wengi wenu mnaonisoma hapa mnalala kwenye vitanda vyake bila kujua ni mkono wa nani. Lakini vitanda vitajisemea vyenyewe. Mimi leo nataka kuandika juu ya vijiti.

Wakiwa vijana, Kambale na mdogo wake Kasereka (Paluku, wa kwanza wao, alikufa angali mtoto) walijifunza useremala kwa mwalimu mmoja mgeni. Siku za mapumziko mwalimu huyo alicheza mchezo wa kwao juu ya meza kubwa. Si mchezo wa vyumba kama dama. Meza ni nchi nzima: vilima vya vumbi la mbao na gundi, mto uliopakwa rangi, barabara, na watu wadogo kama kidole. Kila mmoja kwa zamu yake anamtembeza mtu wake, na mtu anakwenda kadiri kijiti cha kupimia kinavyomruhusu, basi. Mwalimu aliporudi kwao alibeba askari wake wa chuma, na ndugu hawa wakachonga wa kwao wa mbao. Ila askari hawakuchonga. Kambale alisema askari tunawaona njiani bure, kwa nini kuwaleta hata mezani. Walichonga wamama na vikapo vya muhogo, ng'ombe, malori, na wezi wa barabarani wa kusumbua mizigo ya mwenzako. Anayefikisha mizigo yake sokoni ameshinda.

Vijiti nilimwona Kambale akivitengeneza toka mlango wa jikoni yangu. Alichukua mabaki ya mbao za milango, muvula uliokauka vizuri, akaupasua kwa kufuata nyuzi zake, akapiga randa pande zote nne mpaka kijiti kikawa chembamba kama kidole. Halafu alikilaza pembeni ya kimoja alichokiita kijiti-mama, kilichotundikwa ukutani, akaweka alama kwa ncha ya kisu, ju kalamu, alisema, ina unene wake. Alama zile alizichoma na msumari wa moto, akamalizia na mafuta ya mawese. Siku moja nilimuuliza kwa nini kila mara anahangaika kukishusha kile cha ukutani, wakati ameshika kingine mkononi, viko sawasawa.

"Mama," akasema, "mutoto unamupima kwa mama yake. Ukipima mutoto kwa mutoto, kila mara unaongeza kidogo, unaongeza kidogo. Kisha mutu anavuka muto na hata hajanyanyua muguu."

Kasereka alimuoa Katungu, wakahamia Eringeti kulima kakao. Alibeba huko meza kama ile, vilima vilevile, barabara ileile, na vijiti vilivyopimwa kwa kijiti-mama. Basi ndugu wawili wakawa wanacheza mchezo mmoja, huyu Butembo, yule Eringeti, na hatua zao zinasafiri kwa mdomo wa Muhindo, ndani ya lori la ndizi. Vita ilipokuja waliendelea. Siku zile simu hatukuwa nazo, na kila kizuizi kilikuwa na wenyewe. Muhindo alishuka na vumbi mpaka kwenye kope, akamwita yaya, ambaye kwetu ni ndugu mkubwa, wa kiume au wa kike.

"Yaya Kambale, mudogo yako anasema: mama wa kikapo anapanda kilima ya kwanza. Kijiti moja na alama mbili, anaangalia soko."

"Mama wa kikapo mukubwa ao mudogo?"

"Pale njo nilisahau. Labda ilikuwa ng'ombe."

"Muhindo, ng'ombe inabeba kikapo?"

"Kwa hii vita, yaya, nilishaona mengi."

Tulicheka. Lakini niliona jambo moja: kabla hajakigusa kijiti, Kambale aliuliza kila mara, "Ulimuona na macho yako?" Muhindo akisema ndiyo, alimuona, anakula vizuri, anatukana vizuri, hapo ndipo Kambale aliinamia meza.

Wakati fulani komanda mmoja aliingia atelie na vijana wake wawili. Wa kundi gani siandiki, walikuwa wanabadilishana kama zamu ya maji. Alikuta vilima, barabara, mto, na vijiti vyenye alama.

"Oyo carte ya nani? Na hii ramani munapanga kupiga wapi?"

Masika ndiye aliyejibu toka mlangoni, na sahani mkononi. "Chef, angalia muzuri. Ulishaona wapi vita ya kupeleka muhogo kwa soko?"

Komanda akataka aonyeshwe. Meza ya ndugu wawili, Kambale hakumruhusu kuigusa. Alimpangia watu wengine juu ya benchi. Yule mkubwa akapiga magoti na bunduki mgongoni, akaweka kijiti mbele ya lori lake, akalisogeza mpaka mkia wake ukagusa mwisho wa kijiti.

"Chef, hapana," akasema Kambale. "Mbele kwa mbele. Ukipima mbele mpaka nyuma, unaiba mwili muzima."

Vijana wale wawili wakaangalia viatu vyao. Komanda akacheka mpaka akakaa chini. "Huyu muzee tumupeleke kwa barrière ya barabara, pale banatuibia sana." Aliondoka na kijiti kimoja, na Kambale akashusha kijiti-mama kutengeneza kingine.

Halafu Eringeti ikapigwa. Watu walikimbilia Beni, wengine wakalala Mavivi, wengine wakafika mpaka hapa. Katungu alifika ndani ya lori la Muhindo na watoto, na kijiti kimoja kimefungwa ndani ya kitenge. Alituambia kwamba Kasereka alirudi nyuma kumbeba mama mkwe wake aliyeshindwa kutembea. "Akanipa hiki," alisema, "akasema mupe yaya. Mwambie zamu ni yangu, nitacheza nikifika." Kambale alikilaza pembeni ya kijiti-mama, akapitisha ukucha kwenye ncha zote mbili. Kilikuwa chake. Hakuna aliyemwona tena Kasereka, wala yule mama.

Miaka ilipita, familia ikaomba kilio kifanyike. Kwetu mkubwa wa nyumba ndiye anayefungua kilio, na mkubwa alikuwa Kambale. Akakataa. "Mutu hawezi kufa wakati zamu ni yake," alisema. Aliifunika meza ile na kitambaa, akaipangusa kila Jumamosi, na hakuna aliyethubutu kuweka juu yake hata kikombe. Sisi majirani tuliuita upendo, na ulikuwa upendo. Nilimsikia kupitia ukuta akizungumza na ile meza, akimtania mdogo wake kwamba mwizi wake anasinzia njiani.

Ila kulikuwa na Katungu. Hakuwa na mume wala hakuitwa mjane. Kwenye kila kilio cha mtaa wajane wana mkeka wao, na yeye alipita pembeni akaenda kwenye vyungu. Mwanaume mmoja mwema wa Beni alikuja kumposa. Kambale akamjibu kwa heshima kwamba mume wa Katungu yuko njiani. Tukimenya muhogo aliniambia, "Mama, mie niko kama bale batu ba mezani. Siwezi kutembea mupaka mwingine acheze." Na bado Kambale alipougua, Katungu ndiye aliyeipangusa meza.

Juzi kwenye kilio, Pasta Kakule alipofungua kinywa kulitaja jina la marehemu, Masika alinyanyua mkono. "Pasta, ngoja." Alivuta miguu yake, akapangusa nafasi juu ya mkeka wa wajane. "Katungu, mudogo wangu, kuya. Ikala hapa."

Katungu alikuwa amesimama na mwiko wa kukorogea majani ya muhogo. "Yaya, sombe itaungua."

"Iungue."

Akakaa. Pasta akayataja majina mawili, Kambale na Kasereka, na Katungu akalia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia miaka yote ya ujirani wetu. Sombe iliungua kweli, na tuliila vile vile.

Hapa Butembo, na Beni, na njia yote ya kupanda Eringeti, najua nyumba nyingi zina meza iliyofunikwa. Kuna aliyeenda shamba, kuna aliyeenda kuchota maji. Siwaambii muache kungoja. Mimi mwenyewe ningali nangoja wangu. Nawaomba tu mumwangalie aliye karibu nanyi mnapongoja, ju huenda yeye ameshajua siku nyingi, na anahitaji mahali pa kukaa alie.

Na kama nimekosea kitu, kama vijiti havikuwa vya muvula bali vya mti wa libuyu, kama lori la Muhindo lilibeba kakao siku zile na si ndizi, ninyi mliokuwepo njooni mniambie, nitasahihisha. Majina tu msiyaguse. Hayo nina hakika nayo.