Panzi wa mjusi wa daktari

Ninafanya kazi za nyumbani kwa daktari mmoja Mbarara. Aliposafiri aliniachia mjusi wake wa kufuga, mwenye ndevu za miiba, nikaja naye nyumbani kwangu, kambi ya wakimbizi Rubondo. Nilimficha kwenye boksi chini ya kitanda, maana majirani wangesema ninafuga uchawi. Shida ni kwamba alikuwa anakua, na kila siku alitaka panzi wengi kuliko jana. Basi kila asubuhi mtu mzima mimi nilikuwa kwenye majani na kopo, ninarukia panzi kama kuku.

Jumapili wamama wa kanisa wakaniletea unga na maharagwe. Mama Shemasi alinishika mkono, machozi yakimlengalenga.

“Dada, tulikuona. Usisikie haya, njala ilitupiga siye bote. Lakini panzi mubichi, hapana!”

Badala ya kusema kweli, nikasema, “Aksanti, mama.”

Walipofumba macho kuniombea, boksi likakwaruza. Mjusi akatoka, akapanda juu ya gunia la unga, akaachama.

Mama Shemasi alimtazama, akatazama kopo langu.

“Kumbe panzi ni ya huyu,” akasema polepole. “Na wewe, leo ulikula nini?”

Hapo ndipo nilipoumbuka kweli. Sufuria yangu ilikuwa mbele yao, kavu tangu jana.