Jini Lililokaza Klipu za Lori

Ndugu zangu, mimi nimewahi kuishi na jini. Sura yake sikuiona. Kazi yake niliiona, na lilikuwa jini lenye bisibisi.

Sogeeni niwape kisa.

Kulikuwa na mzee mmoja, dereva mstaafu, mtaa mzima ukimwita Breki, maana kila jambo likifika kwake linasimama. Nilimpenda binti yake. Binti akanipenda. Mama mtu akaanza kuniita mwanangu.

Jambo likafika kwa Breki. Likasimama.

"Unafanya kazi gani wewe?"

"Za mikono, mzee."

Sikudanganya. Nimebeba magunia, nimeziba pancha, nimefukuzwa gereji zaidi ya moja. Ufundi wangu nimefundishwa na kuungua.

Akanipeleka uani. Lori lake la zamani limekufa, kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva.

"Lifufue. Ukinifikisha kwa dada yangu kule juu mlimani bila lori kuchemka, nitasema ndiyo."

Binti akadakia, "Baba, ndiyo yangu nimeshaitoa. Yako ni baraka tu."

"Basi na baraka ipande mlima."

Haya! Nikahamisha kuku, nikazama kwenye grisi. Lori likafufuka, likang'aa kama limetoka kunyolewa. Mipira ya kupitishia maji ya rejeta nikaweka mipya. Zikabaki klipu za kuibana, zile pete za chuma zenye skrubu.

Muuzaji wa spea akaniwekea aina mbili mezani.

"Hii imetobolewa matundu mpaka ndani, ukiikaza inatafuna mpira. Hii ndani ni laini, inakumbatia. Unataka ipi?"

"Kaka, mimi naenda kuoa."

"Basi ya kukumbatia. Na usichukue kubwa eti kwa akiba. Klipu kubwa inabana huku, kule inakuchekea."

Nikazifunga kistaarabu. Klipu ikae nyuma ya ukingo wa bomba linalovalishwa mpira, ikaze mpaka mpira ushikwe, basi. Nikawasha injini ikapata moto, nikazima, ilipopoa kabisa nikazipitia tena. Kisha nikatia alama ya rangi nyeupe kwenye kila skrubu, ili ikilegea nijue.

Jioni nikakaribishwa mezani. Si mnanijua? Nikajifanya profesa.

"Lori halina ugonjwa tena. Adui kabaki mmoja tu. Klipu ikilegea, maji yakamwagika, harusi hakuna!"

Wote wakaacha kutafuna, wakanitazama. Nikajiona bonge la mtu.

Asubuhi nafungua boneti, alama zimesogea. Si kwa kulegea. Zimekazwa!

Nikauliza nyumba nzima. Nani kagusa? Hakuna. Kesho yake tena, zimekazwa zaidi. Keshokutwa vilevile.

Mtu mwenye akili angezilegeza. Lakini mwenye hofu ya baba mkwe akili anaitoa wapi? Nikasema moyoni, hili ni jini la msaada, na msaada haufukuzwi. Nikaongeza na mimi kidogo, kulitia moyo.

Siku ya safari ikafika. Mzee kakaa kando yangu na koti lake. Mama na binti wako nyuma juu ya godoro, wanaimba mpaka wapita njia wanapunga mikono. Tukaanza kupanda. Mshale wa joto umetulia. Nikaanza kupiga mluzi.

Pyuuuuu!

Mvuke ukafunika kioo. Nikazima injini haraka, nikaruka chini, nikaweka mawe nyuma ya magurudumu. Tukangoja ipoe, maana rejeta ya moto haina adabu. Ndipo nikafungua.

Klipu ipo, imebana kama kaa. Mpira wa juu ndio umekatika pembeni yake, mzunguko safi kabisa.

"Huu haukuchoka," nikasema. "Huu umenyongwa!"

Binti akatazama viatu vyake.

"Ni mimi. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Kidogo tu, jamani."

"Wewe?" Mama akashika kiuno. "Mbona na mimi nilikaza! Kwa kisu cha jikoni! Si ulisema ikilegea harusi hakuna, mwanangu?"

"Na mimi nikaongeza," nikakiri.

Tukacheka mpaka tukashikilia bampa. Halafu nikamwona mzee kasimama pembeni, uso mkavu. Kicheko kikanikauka. Lori limekwama katikati ya mlima, na ndiyo yake iko kileleni.

"Mzee," nikasema, "nimeshindwa."

Breki akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti. Akatoa bisibisi.

"Baba!"

"Mnanikodolea nini? Kila nikitoka msalani alfajiri nilikuwa napita hapo." Akakohoa. "Mkwe wa kuwahamisha kuku wangu kwa upole vile ningempata wapi mwingine?"

Mama akampiga kofi la bega. "Si ungesema ndiyo tu, mzee mzima wewe!"

"Nilisema lisichemke. Kuvuja sikutaja. Haya, kata hapo palipoharibika, funga upya, tunachelewa."

Mpira ulibaki na urefu wa kutosha. Nikatoa klipu mpya kwenye kisanduku, nikafunga, nikajaza maji ya dumu. Tulipofika, Breki alishuka kabla lori halijasimama sawasawa, akapiga kelele hata salamu hajatoa: "Dada! Njoo umwone mkwe wangu!"

Wenye magari makuukuu, nisikilizeni. Mpira ushikwe, usinyongwe. Kagua klipu injini ikiwa baridi, na ukiona unyevunyevu au mpira umevimba pembeni, badilisha mapema. Bisibisi ishikwe na mtu mmoja.

Wale wanaokupenda sana wape ndoo, waoshe vioo.