Mtaa Ambao Hakuna Anayeuliza Umetoka Wapi

Mama alikubali kuja Tabora kwa sharti moja, na alilisema akiwa ameinama shambani, bila kunitazama.

"Nitakuja. Nikiona panakalika, nitakaa. Nikiona hapakaliki, nitarudi Ulyankulu, na mtoto nitarudi naye."

Mtoto ni wangu. Wakati huo alikuwa na miaka minne na nusu, na mitatu kati ya hiyo alikuwa amelelewa na mama, kwa sababu mimi nilikuwa mjini nikilala chumba kimoja na wasichana wengine wawili. Nilifanya kazi katika duka la kuchapisha: mitihani ya shule, kadi za harusi, matangazo ya vifo. Kompyuta sikuisomea popote. Nilijifunza mwenyewe, kwa kutazama video kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, na labda ndiyo maana naogopa makosa kuliko watu wengine. Aliyefundishwa akikosea, anaweza kumlaumu mwalimu. Mimi sina wa kumlaumu. Kadi ya harusi huisoma mara tisa kabla ya kuiruhusu itoke, na bado nikilala naiona ina kosa.

Basi nilitafuta nyumba kwa namna hiyohiyo. Nilitengeneza jedwali. Nilikuwa na safu ya maji, safu ya zahanati, safu ya kelele, safu ya shule ya awali. Umbali wa kwenda shule niliupima kwa miguu, tena kwa hatua fupi, nikijifanya mtoto, huku dalali akinisubiri juu ya bodaboda na kunicheka.

"Dada, unatafuta nyumba au unapima barabara?"

Kila Jumapili baada ya misa tulizunguka. Itetemia kulikuwa na nyumba yenye eneo la kulima nyuma yake, nikaikataa kwa sababu mtoto angevuka barabara yenye malori. Kwihara tulifika mpaka karibu na lile tembe la kale ambalo wageni huja kulipiga picha, na dalali akaanza kunieleza habari za misafara ya zamani, pembe na mizigo ya kichwani, kana kwamba mimi ni mtalii. Nilimwambia nataka kujua shule iko wapi. Kwihara nayo ikafutwa.

Ntalikwa ndiyo ninayopaswa kuisema vizuri. Nyumba ilikuwa ya kawaida, bati jipya, uwanja mpana. Nje ya nyumba jirani alikaa mama mmoja akipukuchua mahindi. Nilimwamkia, akaniitikia, akanipa kigoda.

"Nyie wenyeji wa wapi, mwanangu?"

"Urambo," nikasema.

Akacheka. "Urambo gani hiyo? Sauti yako ya Ulyankulu kabisa. Nilikaa kule miaka mingi, naijua."

Hakuwa na ubaya wowote. Alicheka kama mtu aliyekuta kitu alichokuwa amekisahau. Lakini mimi nilihisi uso unawaka. Babu yangu alitoka Burundi akiwa na godoro na watoto, akapewa makazi Ulyankulu pamoja na wakimbizi wengine. Mimi nimezaliwa hapa, baba na mama walipata uraia, makaratasi yetu hayana doa, lakini sekondari niliitwa mkimbizi kwa miaka minne, na aliyeanza kuniita hivyo alinisikia siku moja tu nikiongea na mama kwa simu. Tangu siku hiyo nikiwa na watu nilimjibu mama kwa Kiswahili, hata aliponiuliza kwa Kirundi.

Kwenye jedwali, mbele ya Ntalikwa, niliandika: maji mbali. Ni kweli maji yalikuwa mbali. Si kweli kwamba ndiyo sababu.

Mtaa niliouchukua siutaji, kwa kuwa haukunikosea kitu. Umejaa wapangaji: walimu, wauguzi, watu wa ofisini waliohamishiwa Tabora na wanaosubiri kuhamishwa tena. Nyumba zina kuta na mageti.

"Hapa kila mtu na geti lake," dalali alisema. "Hata ukifuga chui, hakuna atakayekuuliza."

"Na hawaulizani wametoka wapi?"

"Waulizane ili iweje? Wote wamekuja juzi."

Nililipia siku hiyohiyo. Bomba lilikuwa ndani ya uwanja, na shule ilikuwa karibu. Katika safu zangu zote hakukuwa na kasoro hata moja. Nilijipongeza kwa chai ya maziwa, peke yangu.

Mama alifika na mtoto, mabegi mawili, debe la karanga, na barua ya utambulisho ya jumuiya yake ya sala ya kule, iliyogongwa mhuri wa parokia, ameifunga ndani ya mfuko wa nailoni. Nyumba aliisifu. Alifungua bomba, akalifunga, akalifungua tena. Baada ya wiki moja aliniuliza, "Hawa watu wanaishi saa ngapi?"

"Wanakwenda kazini, mama."

"Na wakirudi?"

"Wanapumzika."

Kwa kuwa bomba lilikuwa ndani, hakuwa na sababu ya kutoka kuchota maji, na kumbe kule nyumbani ni kisimani ndiko alikokuwa akisikia nani amejifungua na nani hali yake si nzuri. Uwanja wetu ulikuwa wa saruji mpaka ukutani, isipokuwa ukanda mwembamba wa udongo pembeni, wenye urefu wa hatua tatu. Aliufagia ule uwanja asubuhi na jioni. Jirani wa kulia aliitikia salamu yake kwa kupiga honi.

Ile barua ilimsaidia. Jumapili ya pili aliipeleka mwenyewe kwa mama mwenyekiti wa jumuiya, aliyeikunja akaiweka bila kuisoma, na kuanzia hapo kila Alhamisi saa kumi alikwenda kusali, kila wiki nyumba nyingine. Kumbe nyuma ya yale mageti walikuwepo watu. Alirudi na habari: muuguzi fulani ana mimba, mzee fulani hasikii sikio moja. Alisema huwa haongei sana kule. "Nawasikiliza tu. Kiswahili chao kinakimbia." Nilifurahi. Nilianza kuamini panakalika.

Kisha zamu ikakaribia nyumba yetu.

Wasiojua jumuiya niwaambie: zamu ikifika kwako, watu wote huja kwako. Wanakaa unapokaa, wanaona unavyoishi, na mwenye nyumba ndiye anayeanzisha sala. Mwenye nyumba kwetu ni mama. Na mama akisali kwa moyo, anasali kwa Kirundi. Hajui kusali kwingine.

Nilimwomba mama mwenyekiti aturuke. Nilimwambia hatuna viti, na kweli tulikuwa na viwili vya plastiki. Akacheka, akasema jumuiya hukaa hata juu ya matofali, lakini akaturuka. Nilinunua viti vinne. Zamu ikarudi. Viti vilikuwepo, mapazia nilikuwa nimeyashona upya kwa sababu upindo wa kwanza ulikuwa umepinda, na hofu ilikuwa palepale. Jumatano mchana, nikiwa kazini, nilimwandikia mama mwenyekiti ujumbe: samahani, mama yangu anaumwa, tunaomba wiki hii muende kwa wengine.

Nilikusudia kumwambia mama kwamba sala imeahirishwa. Usiku ule alikuwa anachambua karanga za kesho, anaimba. Sikumwambia.

Alhamisi nilirudi saa kumi na moja na nusu. Sebule ilikuwa imepangwa. Mkeka, viti sita, meza imefunikwa kanga mpya, msalaba, mshumaa ambao haujawashwa, karanga kwenye sinia. Mtoto alikuwa amevaa gauni la Jumapili na anasinzia. Mama alikaa na rozari mkononi, macho getini.

"Labda wamepotea nyumba," alisema.

"Labda wameahirisha, mama."

"Wangesema."

Alingoja mpaka giza lilipoingia, akazitia karanga kwenye kopo. Nami nilikuwa na nafasi ya kusema, dakika baada ya dakika, na kila dakika niliipitisha.

Kosa langu lilikuwa la kijinga, na Mkatoliki yeyote wa Tabora angenionya. Unaweza kudanganya kwamba umesafiri. Unaweza kudanganya kwamba umechelewa kazini. Huwezi kuiambia jumuiya kwamba kuna mgonjwa ukadhani yameishia hapo.

Walikuja Jumamosi asubuhi, kina mama wanane, na machungwa, na unga wa uji, na sukari. Mama alikuwa pembeni ya ukuta na jembe, anapanda matembele kwenye ule ukanda wa udongo. Nilikuwa nimeshafungua geti.

"Hodi humu! Tumekuja kumwona mgonjwa!"

Mama alisikia. Aliniangalia. Sikumbuki kama niliwahi kuangaliwa hivyo na mtu yeyote. Hakukuwa na hasira, alikuwa tu ananisoma. Kisha akaliegemeza jembe ukutani na kupita mlango wa jikoni. Nilipowaingiza wageni, alikuwa amelala kwenye mkeka wa sebuleni, amejifunika shuka mpaka kiunoni. Chini ya ile shuka miguu yake ilikuwa na tope. Mimi tu ndiye niliyejua.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu."

"Pole sana. Unasikiaje?"

"Mwili tu."

"Ni hewa ya hapa hiyo," mmoja alisema. "Mimi nilipohamia niliumwa mwezi mzima. Mume wangu akadhani nataka kurudi kwetu."

"Si ulikuwa unataka kweli?" mwingine akamtania, wakacheka.

Mama alisema neno la kuwashukuru, na ulimi wake ukateleza, likatoka la Kirundi. Nilifumba macho. Mama mmoja mnene aliyekaa karibu na mlango, mwenyeji wa Kasulu, aliinuka akaja kuchuchumaa kando ya mkeka, akamjibu kwa Kiha, kilicho ndugu na Kirundi. Mama akasema kitu. Yule akajibu kwa kirefu. Sijamwona mama na uso ule tangu afike Tabora.

"Haya, mmeshapatana!" mama mwenyekiti akasema. "Sisi tutoke nje?"

"Ngojeni kwanza, nimempata dada yangu hapa! Bibi, wiki zote hizi umekaa kimya! Mbona hukusema unatoka Ulyankulu? Mimi nina shemeji kule."

"Hamkuniuliza," mama alisema.

Hakuna aliyenitazama. Hakuna aliyenicheka. Niliyoyaogopa tangu sekondari yalitokea sebuleni kwangu, na yalikuwa vicheko vya wanawake wanaogawana machungwa.

Kisha wakamwombea. Waliweka mikono juu ya kichwa na mabega yake, wakaimba, na mama mwenyekiti akamwomba amalizie mwenyewe kwa lugha yake. Mama akasali kwa Kirundi. Alilia. Walidhani ni maumivu, wakamshika kwa nguvu zaidi.

Walipoondoka, alitoka bombani akaosha miguu polepole, kidole kwa kidole.

"Nilikuwa naumwa nini?"

"Mama, ilikuwa viti."

"Viti." Akafunga bomba.

Nikamwambia yote. Sekondari, jina nililoitwa, Ntalikwa, ujumbe wa Jumatano. Nililia kuliko alivyolia yeye. Hakunigombeza, na natamani angenigombeza.

"Sasa Alhamisi nitakwenda na uso gani?" alisema. "Watauliza kama nimepona. Nikisema nimepona, watatoa shukrani kanisani. Nikisema sikuwa mgonjwa, nimekuanika wewe. Yule dada wa Kasulu amesema atakuja kila siku kuniona. Kila siku nilale kwenye mkeka?"

"Nitawaambia mimi."

"Nenda kawaambie. Ukiwaambia wewe, mimi nakaa."

Alisema hivyo kabisa. Nilikuwa na siku tano.

Niliandika nitakayosema. Jumapili niliandika kwenye daftari, Jumatatu nikaichapa kazini, Jumanne nikaona imekaa kama ninajitetea, nikaanza upya. Nilitaka iwe ya kweli lakini isimdhalilishe mama, iwe fupi lakini isionekane ya dharau. Niliisoma kama ninavyosoma kadi za harusi, na kila nilipoisoma ilikuwa na kosa. Wakati huo yule mama wa Kasulu alikuja kila jioni na uji, na mama aliuchukua getini na kusema anajisikia nafuu, akafunga. Jumatano nilisimama nje ya nyumba ya mama mwenyekiti nikiwa na karatasi mfukoni. Nilisikia anaongea na watoto wake ndani. Nikarudi.

Alhamisi saa kumi mama alikaa sebuleni, hakwenda kusali. Niliporudi kutoka kazini aliniuliza swali moja tu.

"Umewaambia?"

"Bado, mama. Kesho."

Kesho yake alifunga mabegi. Nilimsihi. Nilimwambia naenda sasa hivi, na nilivaa hata viatu. Akaniambia niache, tutachelewa basi. Mtoto alifurahia safari. Kwenye basi alijibana dirishani kwenye mapaja ya bibi yake akaniuliza, "Mama, wewe utabaki na nani?" Basi lilikuwa limeshaanza kurudi nyuma, kondakta anapiga bodi, na sikulazimika kujibu.

Ni mwaka wa pili sasa. Nyumba bado ninayo. Mtoto ameanza shule kulekule, na kwenye simu ananiongelesha kwa Kirundi, nami namjibu kwa Kirundi, hata nikiwa dukani mbele ya wateja. Kwake haina maana yoyote. Amezoea kuongea hivyo tu.

Siku zile niliwaambia jumuiya kwamba mama amekwenda nyumbani kupumzika. Karatasi yangu niliichana. Mtu wa kuokolewa nayo alikuwa ameshaondoka, na kujianika bila faida kulinishinda, kama kulivyonishinda kwa faida. Alhamisi naomba ruhusa kazini, nakwenda kusali badala yake. Wananipenda, naamini. Wananiuliza, "Bibi yetu wa Ulyankulu anaendeleaje?" Nasema anaendelea vizuri, na wao, kwa kuwa hawamwoni akirudi, hawaniamini. Basi kila wiki, tukifika kwenye maombi ya wagonjwa, yule mama wa Kasulu anamtaja wa kwanza, na mimi naitikia pamoja na wote: Ee Bwana, twakuomba utusikie.