Siku Ngoma ya Harusi Ilipokwenda Mazikoni

Habari hii sipendi kuisimulia. Mpaka leo nikikutana na mtu wa Katindiuka sokoni huwa naangalia viatu vyangu. Lakini kwa kuwa wenzangu wote wameshaisimulia, tena kila mmoja na chumvi yake, bora niiandike mwenyewe, polepole kama ninavyoandika, mjue aibu ilikuwa kiasi gani bila kuongezewa.

Nilipomaliza darasa la saba nilikaa nyumbani msimu mmoja wa mpunga, kisha mjomba akanipeleka chuo cha ufundi pale Ifakara nikajifunze useremala. Chuo chenyewe kilikuwa kidogo, mabweni mawili na karakana iliyojaa vumbi la mbao, ila kilikuwa na kikundi cha matarumbeta tulichokiita Ndugu wa Shaba. Tulikuwa kumi na wawili. Aliyemaliza chuo aliendelea kuwa ndugu: akioa tunakwenda, akifiwa tunakwenda, akipata mtoto tunakwenda kumpigia dirishani mpaka mama mtoto anatufukuza. Nikikumbuka zile jioni za mazoezi nyuma ya karakana, watu wamekalia magogo, mmoja anapuliza na mwingine anamcheka mashavu, natamani nirudi hata kwa siku moja.

Sasa, kikundi kilikuwa na ngoma kubwa ambayo ndugu wa kwanza kabisa waliitengeneza palepale kwa mbao za mninga. Kila mwaka ndugu mpya mmoja alikabidhiwa aibebe. Sharti lake: ikishatoka kwenye stuli yake chuoni mpaka inaporudi, ngoma haigusi ardhi, na mtu mwingine haishiki. Ukimaliza mwaka salama, ngozi ya zamani inavuliwa, unapewa penseli ya useremala, unaandika jina lako ndani kwenye ubao, halafu inawambwa ngozi mpya na jina lako linabaki humo pamoja na ya kaka zako. Kuanzia hapo unaitwa Ndugu, kama wenzako mlioingia pamoja wanavyoitwa mwaka wao ukiisha. Kabla ya hapo wewe ni Mdogo, hata kama una ndevu.

Mwaka ule mbebaji nilikuwa mimi, na nililitaka lile jina liingie mle ndani kuliko nilivyotaka cheti. Nyumbani mimi ni wa sita kati ya watoto tisa, sisemi sana, na mwalimu wangu wa darasa la tano alinifundisha mpaka Novemba, ndipo akaniuliza kama mimi ni mgeni. (Nilimjibu ndiyo, kwa sababu niliona aibu kumkosoa.) Mtu kama mimi hajui ni wapi pengine ataandikwa.

Zilikuwa zimebaki wiki tatu mwaka wangu uishe, Kaka Festo akaoa. Huyu ndiye aliyeibeba ngoma kabla yangu na ndiye aliyenifundisha, akanishika mikono yote miwili kama mtoto anayefundishwa kuandika, mpaka nikaujua mpigo mmoja, ule wa kuwaingiza maharusi. Niliujua huo tu. Mingine ilinishinda, ila huo niliupiga vizuri mno.

Harusi ilikuwa Lipangalala. Asubuhi walifunga ndoa kanisani, na saa tisa alasiri tulitakiwa kuwatoa barabarani tuwaingize kwa shangwe nyumbani kwa kina Festo. Tulifika mapema, na mama yake Festo, alivyo mkarimu, akatupa togwa. Nikanywa kikombe, akaniongeza, nikaona aibu kukataa, akaniongeza tena. Saa nane nilikuwa nasimama kwa mguu mmoja.

Hapo mnielewe. Mbebaji akitaka kujisaidia kulikuwa na utaratibu wake: unasimama ulipo, unapiga kelele, "Ndugu, mzigo!" na ndugu wote kumi na mmoja wanaacha walichokuwa wanafanya, wanakuja mbio, kila mmoja anaweka kiganja kimoja chini ya ngoma, wanaimba kwa kuguna mpaka utakaporudi. (Hiyo ndiyo njia pekee iliyoruhusiwa ya wengine kuishika.) Inapendeza ukiwa unaitazama. Lakini pale uani walikuwepo wasichana kama ishirini wa upande wa bibi harusi, wamevaa sare ya kitenge cha njano, wanamenya ndizi, na mimi ndiyo niwatangazie wote kwamba naenda chooni, tena kwa kwaya!

Nikaangalia huku na huku. Nje ya ua kulikuwa na kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kimeleta viti vya kukodi. Nikajiambia gari si ardhi. Nikaisimamisha ngoma taratibu nyuma, katikati ya viti vilivyobaki, nikakimbia.

Nilikawia kidogo tu, sema togwa lilikuwa vikombe vitatu. Niliporudi kirikuu hakipo.

"Samahani," nikamuuliza dada mmoja, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri, "lile gari la viti..."

"Limeshaondoka. Viti vingine vinaenda msibani Katindiuka." Akanitazama mavazi yangu meupe na mkanda mtupu begani. "Kwani wewe si ndiye wa ngoma? Iko wapi?"

"Ipo," nikasema.

Mtu mwenye akili angekwenda kwa Kaka Ditram, kiongozi wetu, akamwambia. Namba ya mwenye viti ilikuwa imeandikwa nyuma ya kila kiti pale uani, simu moja tu ingemaliza kazi. Mimi nikachukua baiskeli iliyoegemezwa ukutani (samahani kwa mwenyewe, niliirudisha) nikaikanyaga mpaka Katindiuka, kofia ya kikundi kichwani, moyo unapiga kuliko ngoma yenyewe, nikipita katikati ya mashamba ya mpunga na watu wananipungia mkono wakidhani nimetangulia mbele ya harusi.

Msiba niliupata kwa urahisi, maana turubai lilionekana kwa mbali. Na ngoma niliipata vilevile. Ilikuwa chini, kwenye udongo kabisa, na juu yake amekaa babu mmoja mnene na fimbo yake.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Poleni na safari."

"Asante. Babu, naomba... hiyo uliyokalia..."

Akainamia kuangalia, akashtuka. "Kumbe ngoma! Nilidhani stuli imekuja na viti." Halafu akanitazama kofia, akanitazama mkanda, uso ukafunguka. "Oyaa, baba! Wale vijana wa tarumbeta tulioahidiwa wamefika!"

Akaja mwanaume mmoja, mtoto mkubwa wa marehemu, macho mekundu, akanishika mkono kwa mikono miwili. "Mungu awabariki. Tulishakata tamaa. Wenzako wako wapi?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli, tena nzuri. Lakini alikuwa bado amenishika mkono, na watu wote wamegeuka, na sauti yangu ikatoka yenyewe.

"Wanakuja."

"Basi hatuwezi kuwasubiri, padri ameshamaliza. Wewe tangulia, tuongoze mpaka makaburini."

Ndugu zangu, sikukataa. Nikavaa ngoma, nikawekwa mbele ya msalaba, jeneza nyuma yangu, na nyuma ya jeneza watu kama mia mbili. Nikajiambia nitaupiga mpigo wangu ule ule, ila polepole sana, hakuna atakayejua. Nikaanza. Du. Nikahesabu hatua nne. Du. Ikawa vizuri kweli, watu wakainamisha vichwa, hata mimi nikaanza kujiona mtu.

Shida ya mkono uliofundishwa kitu kimoja mwaka mzima ni kwamba haukubali kutulia. Tulipopita mfereji nilifikiria jinsi Festo anavyonisubiri barabarani na bibi harusi wake, nikasahau kuhesabu, mkono ukaongeza kidogo. Ukaongeza tena. Nikasikia nyuma yangu miguu ya wabeba jeneza inabadilika mwendo, halafu shangazi mmoja huko nyuma akapiga kigelegele kizima, kirefu, mpaka mwisho, ndipo akajiziba mdomo.

Nikasimama. Jeneza likasimama. Kila kitu kikasimama. Nikatazama ngozi ya ngoma nikatamani ifunguke niingie.

"Nani amemleta huyu?" sauti ya mwanaume mmoja ikauliza. "Msiba wetu umekuwa mchezo?"

"Mwacheni," akasema mama mmoja aliyeshikiliwa na wanawake wawili. Nikajua ndiye mjane. Alikuja mpaka karibu yangu akanitazama, na sikuweza kumtazama. "Huo si wa harusi, mwanangu?"

"Ndiyo, mama. Samahani, mama. Ndio peke yake ninaoujua."

"Mzee huyu alinioa masika, mto umejaa, waliobeba ngoma wakakwama ng'ambo. Tulikaa kimya kama wezi. Miaka yote ananiambia ananidai ngoma yangu, eti atanilipa." Akafuta uso kwa pembe ya khanga. "Piga. Ila kwa adabu."

Nikapiga kwa adabu. Nilikuwa nalia na kamasi zinatoka, mikono yote ina kazi, hakuna wa kunifuta.

Tulikuwa tumekaribia makaburi nilipoona bajaji tatu zinakuja zimefuatana, na shaba inang'aa ndani. Yule dada alikuwa amewaambia nimeulizia gari la viti, mwenye viti akapigiwa simu, na dereva wake akasema ngoma ameishusha msibani. Kaka Ditram alishuka wa kwanza, mishipa ya shingo imemsimama, amefungua mdomo anitukane. Akaona jeneza. Akaufunga. Akavua kofia, akawaashiria wenzake wajipange nyuma yangu, akaniambia kwa chini, "Punguza, Mdogo. Mguu wa kushoto tu." Wakaanza wimbo wa kuaga, ule wa taratibu, na sauti zao zikanifunika mgongoni kama blanketi. Tukamzika mzee wa watu vizuri. Mtoto wake mkubwa akaja kunishukuru: "Kweli ulisema wanakuja."

Tulirudi Lipangalala jua linapungua. Maharusi walikuwa wamekaa ndani ya gari barabarani saa nzima na nusu, kwa sababu Festo alikataa kuingia bila ngoma. Tukawaingiza, na nilipiga siku ile kuliko siku zote. Festo aliposikia tulikotoka alicheka mpaka bibi harusi akampa maji.

Lakini kila safari inapoisha kiongozi humuuliza mbebaji swali moja mbele ya wote, na mbebaji hujibu, tunapiga makofi, basi. Kaka Ditram akasimama chuoni, karibu na ile stuli.

"Mdogo, imekanyaga wapi?"

Jibu lake ni "Haijakanyaga." Ni neno moja tu. Walinikuta nimeivaa, na dereva alisema ameishusha tu, hakusema aliiweka juu ya nini. Babu yule hakuna ambaye angemuuliza. Nilimwona Festo, amekuja na suti yake ya harusi kusikia, ananitikisia kichwa taratibu kama mtu anayemsaidia mwingine kukumbuka jibu.

"Katindiuka," nikasema. "Ilikuwa chini. Niliiweka kwenye gari kwa sababu niliona aibu kuita mzigo. Na babu mmoja aliikalia."

Hakuna aliyecheka. Kaka Ditram akasugua kofia yake. "Basi unaanza upya," akasema. "Mwaka mzima."

Wakati tunatawanyika kaka mmoja (simtaji jina, na msianze kukisia) aliniinamia sikioni. "Mimi ilikanyaga stesheni ya Mlimba. Nikajibu haijakanyaga, na jina langu limo. Wewe mjinga kweli, mdogo wangu." Halafu akanishika kichwa akakitikisa, akatangulia nje bila kunitazama.

Nikaanza upya. Wale niliojiunga nao wakaitwa Ndugu, mimi nikabaki Mdogo na wadogo zangu. Mwaka wa pili niliita mzigo mara nyingi kuliko mbebaji yeyote, nikaita sokoni, nikaita mbele ya padri, na mara moja mbele ya wale wasichana wa kitenge cha njano, na ndugu kumi na mmoja wakaja mbio kila mara. Sijawahi kuwa na mwaka mzuri kama ule. Siku ngozi ilipovuliwa nilipiga magoti nikaingiza kichwa ndani, nikatafuta nafasi, nikaandika herufi moja moja, na wao wamesimama wananimulikia kwa simu, na hakuna aliyeniharakisha.

Siku hizi natengeneza vitanda na milango, na ndugu wengi wametawanyika, wengine hata simu hawapokei. Ila nimejiapiza jambo moja: nikipewa kitu cha watu nikishike na mikono ikachoka, nitapiga kelele. Acha wasichana wacheke.