Nyumba Tuliyoiacha Malangali

Siku tuliyokwenda kuikagua nyumba ya Malangali, pale Sumbawanga mjini, mume wangu aliingia sebuleni, akatazama juu, akaona mawingu. Bati zilikuwa zimeliwa na kutu, na zile za upande wa jikoni upepo ulikuwa umeshazing'oa. Mimi nilikuwa natafuta la kusema la kumkatisha tamaa, yeye akagonga ukuta kwa ngumi na kusema, "Tofali za kuchoma hizi. Nyumba iko hai."

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, yeye dereva wa lori la mahindi. Tuliikarabati kidogo kidogo, kila baada ya mavuno. Tulianza na paa na kenchi mpya, tukaja sakafu, halafu dari, maana mwezi wa sita baridi ya Sumbawanga inapenya hadi kwenye mifupa, na kulala kwenye nyumba isiyo na dari hakuna tofauti kubwa na kulala shambani. Milango aliitaka ya mninga. Mbao alizileta mwenyewe kutoka Mpanda, juu ya magunia. Mimi nilichagua rangi ya sebule, njano iliyopauka. Fundi akaniambia hiyo ni rangi ya zahanati. Nikamwambia apake. Ukuta wa kutenga chumba cha wageni niliusimamia mwenyewe mume wangu akiwa safarini, na aliporudi aliupima kwa kamba, akanyamaza. Kwa mtu kama yeye hiyo ilikuwa sifa.

Watoto walikua, wakaondoka, mmoja Mbeya, mwingine Dodoma. Sisi tukabaki na nyumba iliyokuwa imekamilika hatimaye, bila hata msumari wa kuongeza. Ndipo kifua cha mume wangu kikaanza kumsumbua. Alikuwa ameshastaafu udereva. Asubuhi alikuwa akitoka chumbani hadi uani kwa kushika kuta, na kila msimu wa baridi ulipoingia hali ilikuwa mbaya kuliko ya mwaka uliotangulia. Daktari hakuzunguka.

"Mzee, dawa nitakupa," alisema. "Baridi ya huku siwezi kukuondolea. Huna ndugu anayeishi kwenye joto?"

Alikuwa na dada yake Kipili, kule ziwani. Alikwenda kukaa kwake wakati wa baridi, mimi nikabaki kulinda nyumba. Siku moja akanipigia simu, sauti yake ina nguvu kama ya ujanani. "Mwalimu, leo nimepanda mpaka kanisani sijasimama hata mara moja kupumzika." Nilimpongeza. Nilipokata simu nilikaa kwenye kochi nikaitazama sebule yangu ya njano, nikajua kwamba hatarudi kuishi hapa, na kwamba itanibidi nimfuate.

Niliwapigia watoto nikitarajia watanizuia. Binti yangu mkubwa hakufikiri hata kidogo. "Mama, uza. Sisi tumekulia kwenye vumbi la saruji mle ndani. Uza, ukae na baba." Iliniuma, sitaficha.

Waliokuja kuitazama nyumba walikuwa familia ya wafugaji kutoka Usukumani. Walikuwa wameishi miaka mingi bondeni, karibu na Ziwa Rukwa, na sasa walitaka makazi mjini ili watoto wasome. Alikuja baba, mkewe, na mama mzazi wa yule baba, bibi mwembamba aliyevaa kaniki. Yule mwanaume alipita milango ya mninga bila kuigusa. Alipitiliza hadi uani, akaanza kupima kwa hatua mahali nilipopanda waridi.

"Hapa ng'ombe wa maziwa wawili watatu wanaenea," alisema.

"Hayo ni maua," nikamwambia.

"Naona, mama. Yamestawi kweli. Ardhi ya hapa ni nzuri."

Tuliporudi ndani tulimkuta bibi ameketi sakafuni katika chumba chetu cha kulala, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha. Alisema jambo kwa Kisukuma. Mkwewe akacheka kwa haya, akanitafsiria. "Anasema yeye ameshafika. Hapa ndipo atakapokaa." Nilitabasamu kwa adabu tu.

Jioni nilimwambia mume wangu kwenye simu kwamba sitamuuzia yule mtu.

"Kwani amekosa nini?"

"Hakuitazama nyumba. Mlango hata mmoja hakuugusa."

"Mwalimu, wewe unaitafutia nyumba mchumba. Sisi tunatafuta mnunuzi."

Nikamuaga, nikakata simu. Asubuhi, nilipomaliza kufagia, niliingia chumbani nikaketi pale alipoketi yule bibi. Jua lilikuwa linapita dirishani na kuangukia miguuni pangu, na ukuta nyuma yangu ulikuwa na vuguvugu. Miaka yote ile nilikuwa nimeipiga deki sakafu hiyo, nimeipaka rangi, nimeigombea na watoto wenye miguu ya tope, na sikuwahi kuikalia. Nilikaa mpaka jua likahama. Kisha nikampigia yule baba nikamwambia waje tumalize.

Kugawa vitu kulikuwa rahisi kuliko nilivyoogopa, isipokuwa kabati la vyombo. Fundi alilitengenezea ndani ya nyumba, na siku ya kulitoa halikupita mlangoni. Vijana waliligeuza, wakalilaza, wakalisimamisha. Jirani yangu, mama wa Kifipa ambaye nilikuwa nimemuahidi kabati hilo, alisimama uani akiwaelekeza mpaka akachoka. "Basi liache," alisema. "Limekataa ndoa." Tukacheka, akachukua vikombe na masufuria. Mimi nilipanda gari la Kipili na godoro, redio, picha ya harusi na nguo.

Mwaka uliofuata nilirudi Sumbawanga kwa harusi ya binti wa jirani huyo. Kwenda kanisani lazima upite mbele ya ile nyumba. Nilikusudia kupita moja kwa moja, ila yule mkwe wa bibi aliniona, akaja mbio, akapiga goti kunisalimu. "Shikamoo, mama. Huwezi kupita hivi hivi. Karibu ndani."

Nilipiga hatua moja ndani, nikasimama. Ule ukuta wangu wa chumba cha wageni haukuwepo.

"Tumeuvunja, mama," alisema, akiwa ameona ninapotazama. "Tulikuwa hatuenei tukila."

Sebule ilikuwa ya buluu. Watoto walikuwa wamelala kifudifudi sakafuni na madaftari yao, na bibi alikuwa jikoni akiwagombeza kwa Kisukuma kwa sababu nisiyoijua. Kwenye kabati kulikuwa na vitabu vya shule na dawa za mifugo. Huko uani ng'ombe alilia. Waliniletea maziwa mgando, mvua ikaanza, nikakaa hadi ikakatika, nikamsaidia mtoto mmoja hesabu za kugawanya. Mwalimu hastaafu kabisa.

Kwenye basi la kurudi nilijiandaa kulia. Kilio hakikuja. Tulipofika Namanyere nilikuwa nawaza kama mume wangu amekumbuka kufunika ndoo za maji.

Alinipokea kituoni, akabeba mfuko wangu bila kutweta. "Umeiona?"

"Nimeiona. Wamevunja ukuta wa chumba cha wageni."

Alitembea kidogo. "Wameweka boriti juu, au wamevunja tu?"

"Sikuangalia."

"Ungeangalia," alisema, na hatukuizungumzia tena siku hiyo.

Hapa Kipili tumepanga vyumba viwili. Ukuta wa nyuma una ufa. Juzi mume wangu alitaka kwenda kununua saruji auzibe mwenyewe, nikamwambia hiyo ni kazi ya mwenye nyumba. Alibisha kidogo, kisha akachukua kofia yake, tukateremka mwaloni kwa wavuvi kununua samaki wa migebuka.