Kona Yangu Kwenye Ngitili

Mimi kazi yangu ni miti, na sioni haya kusema naijua. Nimesomea ikolojia ya misitu mpaka watu wa nyumbani wakachoka kuuliza nitamaliza lini. Nimefanya utafiti kwenye migunga ya Shinyanga na kwenye miombo ukishaiacha Kahama kuelekea Masumbwe. Lakini utafiti ninaojivunia kuliko wote niliufanya nyumbani, kwenye ngitili ya marehemu baba.

Ngitili, kwa sisi Wasukuma, ni malisho ya akiba. Masika yote mnaifunga, ng'ombe haingii wala shoka haliingii. Kiangazi kikikaza ndipo mnaifungua mifugo ipate majani. Baba alipofariki ilibaki mikononi mwa kaka yangu mkubwa. Nilimwomba kona moja tu, akanipa.

Watu wanadhani kurudisha msitu lazima upande miche. Wapi! Chini pale visiki vilikuwa hai, kila kimoja kimetoa machipukizi yaliyosongamana, yanagombania maji. Kila likizo nilikuwa nayapunguza kwa panga, nabakiza moja lililonyooka kwa kila kisiki, kisha napima unene wake. Kaka alicheka mpaka akakaa chini.

"Jamani, njooni muone! Daktari wa miti anaua wagonjwa wake!"

Nilimwacha acheke. Nilichojifunza kwenye kona ile ndicho ninachowafundisha maofisa misitu hadi leo, na wanaandika.

Mwaka jana mama alinipigia simu nikiwa kwangu Ibadakuli. Kaka amepata mnunuzi kutoka Geita, mfanyabiashara wa matimba, yale magogo ya kushikilia kuta za mashimo ya dhahabu zisiporomoke. Anataka kukata ngitili yote. "Wahi, mwanangu," mama akasema. Niliwaka! Nikapanda basi la Kahama asubuhi ile ile, njia nzima nagomba peke yangu. Ila ukweli niuseme: ngitili ilikuwa ya kaka, na shida yake haikuwa ya uongo. Mahindi yalikauka, na paa la nyumba ya mama lilikuwa linavuja.

Niliwakuta yeye na mgeni wake wanajiandaa kwenda kuiona miti.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Umekuja kugomba?"

"Ndiyo, nimekuja kugomba."

"Basi twende, utagombea njiani."

Tukaingia ngitilini. Kaka hakuwahi kupunguza kitu upande wake, kwa hiyo machipukizi yalikuwa membamba, yamebanana. Mgeni alikuwa anatikisa kichwa tu. "Fito tupu, bwana. Shimo gani litasimama na fito?" Moyoni nikafurahi, nikajua mgeni hanunui.

Kisha tukafika kwenye kona yangu. Mininga na mitundu imesimama imenyooka, minene, kivuli kimejaa. Mgeni akapiga mluzi.

"Hii sasa! Hii ndiyo mali. Nachukua hii yote, hayo mengine baki nayo."

Miti yangu ilikuwa imependeza mpaka imejitafutia shoka.

Kaka alizunguka mninga mmoja polepole, akaupigapiga kwa kiganja, akatazama juu, akauzunguka tena.

"Hapana, bwana. Hii siuzi."

"Bei hujaisikia bado."

"Sitaki kuisikia. Hii tumeilea wenyewe."

Tumeilea! Mtu ambaye hajawahi kushika panga mle hata siku moja! Mgeni aliondoka amenuna. Mimi nikaanza kulia pale pale, tena kwa sauti, kwa fahari niliyokuwa nayo.

"Sasa unalia nini?" kaka akasema. Alikuwa ameshachuchumaa upande wake, kwenye kisiki cha kwanza, ameyashika machipukizi mkononi. "Fito tutauza sokoni Nyasubi, tuezeke kwa mama. Njoo hapa uniambie, tunabakiza lipi?"