Ukoo wa Ugonjwa wa Viwavi

Mwaka ule mkoa wetu wa Manyara ulikuwa bado mpya, na baba hakumwamini mtu yeyote aliyeshika chupa ya dawa. Tangu biashara ya pembejeo iachiwe watu binafsi, kila duka pale Endasak liliuza dawa ya wadudu, na tuliyonunua sisi msimu uliopita ilikuwa maji yenye rangi. Kwa hiyo viwavijeshi walipoingia kwenye mahindi, na bwana shamba akaja na dumu akisema hii si sumu, ni ugonjwa wa viwavi wenyewe, nilijua ana kazi.

"Ugonjwa?" baba aliuliza. "Wa ukoo gani?"

Kwetu posa haijibiwi kabla ukoo haujachunguzwa mpaka kwa mababu. Baba aliuchunguza ugonjwa vivyo hivyo. Bwana shamba, mgeni kutoka mkoa mwingine, akajibu kwa uaminifu kwamba virusi vya ugonjwa huo vina ndugu zao wanaoua viwavi wa miti msituni. Hapo alijiharibia. Mizinga ya baba ilikuwa huko huko msituni.

"Basi ndugu watatembeleana. Na nyuki wangu?"

"Havigusi nyuki, mzee."

"Hakuna mshenga anayesema binti ni mkorofi."

Akampa chai, akamsindikiza na dumu lake. Kwa jirani aliyekubali, baada ya siku chache viwavi walining'inia kichwa chini kwenye majani, weusi, wameoza. Kwetu waliendelea kula chakula chetu cha mwaka mzima. Nilimchukia baba wiki ile, nasema kweli.

Mchana mmoja nilimkuta mama nyuma ya zizi akiponda viwavi wafu wa jirani kwenye ndoo mbovu. Akatia maji, akachuja kwa kitambaa ugonjwa uliokuwa ndani yao. Baba alipokwenda kwenye mizinga, mama akanyunyiza shamba lote kwa ufagio wa majani. Hakuniambia ninyamaze, alinitazama tu.

Viwavi wetu nao wakaning'inia weusi, na nusu ya mahindi ikapona. Nyuki hawakudhurika, ila baba alianza kuokota kila nyuki mfu, anamgeuza kwa kijiti, kisha anamtazama mama.

Siku ya kuvuna, tukiwa tunamenya mahindi, baba akamuuliza mama, "Ulinyunyiza lini?"

"Siku uliyokwenda msituni."

"Ungeniambia."

"Ungekataa, baba watoto."

Baba alimaliza kumenya hindi lake, akalitupa kwenye lundo.

"Ningekataa," alisema. "Lakini sasa hata uji wako nauangalia kwanza."